Kisu Kikali, Karai Tupu

Vijana wa kanisa letu, mlinialika Jumapili ile niwaeleze jinsi nidhamu ilivyonifikisha hapa nilipo. Nikasimama mbele yenu na karatasi mkononi, nikakohoa, nikasema, "Nidhamu ni kitu kizuri," halafu nikakwama. Mkacheka. Mwenyekiti wenu akasema mzee amechoka, apewe soda. Sikuwa nimechoka, wanangu. Nilikuwa nimechanganyikiwa, na mpaka sasa nimechanganyikiwa, ila angalau nimekaa chini. Nitaandika kile nilichoshindwa kusema, na mkifika mwisho mnisaidie, maana nyinyi ndio mmesoma.

Kazi yangu ilikuwa kukata mbuta, yaani sangara. Nasema kukata, si kuvua. Watu wakisikia mzee wa Kisumu amestaafu kazi ya samaki wanadhani nilikuwa na mtumbwi, na mimi maji marefu nayaogopa hadi leo. Nilisimama mezani kiwandani, gambuti miguuni, barafu kila mahali, nikitoa mnofu wa upande huu na mnofu wa upande ule, kwa zaidi ya miaka ishirini. Minofu iliingia kwenye maboksi ikaenda ng'ambo. Kilichobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, kiliuzwa getini kwa akina mama wakakaange, na ndicho mnachokiita mgongo wazi. Wengi wenu mmelelewa na mgongo wazi, msijifanye.

Nilianza miaka ya themanini ikielekea kuisha. Nilikuwa kibarua. Alfajiri unasimama getini na wenzako mia, karani anapita, anaonyesha kidole: wewe, wewe, na wewe mrefu. Kidole kisipokufikia unarudi Manyatta, mtaani kwetu, kuota jua. Kuandikwa kazi ya kudumu ndiyo ilikuwa ndoto yetu, kwa sababu aliyeandikwa aliingia getini bila kumtazama karani usoni.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Njoroge, na hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanza. Njoroge alikuwa mtu wa mlimani, mbali na ziwa, aliyekuja Kisumu kufanya kazi ya bucha. Bucha ikafungwa, akaingia kiwandani na visu vyake. Hakuwa ameonja samaki maishani mwake. Harufu ya samaki akikaangwa ilimfanya avuke barabara. Saa ya chakula alifungua kikopo chake cha githeri, yaani mahindi na maharagwe, akala peke yake upande wa upepo. Na huyo ndiye aliyekuwa na mkono bora kiwandani, kutushinda sisi wote tuliozaliwa tukinusa ziwa. Nielezeni hilo kwanza kabla hatujaendelea.

Siku ya kwanza nilijiambia, ebo, mimi Okello nifundishwe samaki na mtu asiyekula samaki? Nikapewa mbuta mmoja mkubwa. Nikamparua magamba. Nikamtoa matumbo. Nikamkata vipande vitano vinene pamoja na mifupa yake, vya kuingia sufuria moja kwa moja, kama Mama alivyonifundisha. Kichwa nikakiweka kando kwa heshima, maana kwetu kichwa kilikuwa cha baba. Kisha nikarudi nyuma hatua moja nikangojea sifa. Njoroge akavitazama vile vipande, akanitazama mimi.

"Kijana," akasema, "ugali uko wapi?"

Walicheka hadi karani akaja kuona ni nani amekufa. Kwa miezi mingi baadaye nikipita tu mtu alipaza sauti, "Ugali uko wapi?" Nilitaka kuacha kazi. Ninyi mnasema nidhamu ndiyo ilinibakisha. Hapana, ni aibu. Ningerudi vipi Manyatta niseme nimefukuzwa na samaki?

Sasa sikilizeni ufundi, hata kama hamtashika kisu. Njoroge alifundisha kwa masikio. Unaingiza kisu nyuma ya shavu, unashuka hadi kigongane na uti, unakilaza, halafu unaelekea mkiani. Kisu kilicholala sawasawa juu ya mfupa kinasikika, kinasema trrr, trrr, kikiruka kila pingili. "Kikinyamaza," Njoroge alisema, "umeshaingia kwenye nyama, unaacha mali." Mimi changu kilikuwa kimya siku nzima. Alipita nyuma yangu akiuliza, "Okello, kisu chako kimelala usingizi ama kinasali?"

Jambo la pili lilikuwa kunoa. Mimi nilinoa kisu kikiwa butu, kama kila mwenye akili. Njoroge alinoa kila baada ya samaki watano, kiwe butu kisiwe butu, hata foleni ya samaki ikiwa imefika dirishani na msimamizi anapiga kelele. Nikamwambia, Mzee, hicho bado kikali, unapoteza wakati. Akaniambia, "Ukingoja kisu kikuambie kimechoka, jua kilichoka samaki watatu nyuma." Hilo naweza kuwapa bila wasiwasi, liandikeni. Watu wanasema nidhamu ni kuamka mapema. Jogoo pia anaamka mapema, na mwisho wake mnaujua. Nidhamu niliyoiona mimi ni mtu kunoa kisu ambacho bado kinakata.

Haya. Mpaka hapo hotuba ingekuwa nzuri, mngepiga makofi, ningekunywa soda yangu nikaenda. Shida ni Mama.

Mama yangu alikuwa mmoja wa wale wanawake wa getini. Baba alikuwa amefariki, na wadogo zangu watatu walikula, wakavaa na kusoma kutokana na jiko la Mama pale Manyatta, kando ya njia, ambapo alikaanga mgongo wazi kila jioni. Kiwanda kiliuza mifupa kwa karai. Karai ni karai, bei yake ni ile ile, mifupa iwe na nyama ama isiwe nayo. Kwa hiyo faida ya Mama haikutoka kwake. Ilitoka kwenye kosa la mkata samaki. Kisu kikinyamaza kule ndani, mtoto anashiba kule nje.

Na kisu changu, kama nilivyowaambia, kilikuwa kinasali.

Akina mama wakanigundua kabla Njoroge hajanikatia tamaa. Pipa la meza yetu likitoka, waligombania. "Ya Okello! Nipe ya Okello!" Mifupa yangu ilikuwa minene, imejaa nyama pande zote mbili. Wakaniita mkono wa baraka. Mama alitembea Manyatta kichwa juu. Jioni wateja walipanga foleni jikoni kwake, na mgongo mmoja ulitosha watu wawili. Aliushika mkono wangu, akautazama, akasema, "Mungu aulinde mkono huu, mwanangu." Na asubuhi Njoroge alikuwa anautazama mkono ule ule akisema, "Wiki mbili, Okello. Huu mkono usipobadilika, mimi sitakutetea tena kwa karani." Watu wawili wananiombea, kila mmoja upande wake. Mungu mwenyewe sijui alifanya hesabu gani.

Nikajifunza. Sitadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Mikono ilikufa ganzi kwenye barafu, nikajikata kidole hiki cha shahada, kovu mnaliona. Nikanoa kila baada ya samaki watano hata nilipotukanwa. Siku moja, katikati ya asubuhi, nikasikia trrr. Nikadhani ni cha jirani. Nikasimamisha mkono, sauti ikakoma. Nikaendelea, trrr. Njoroge alikuwa meza ya pili, mgongo amenipa. Hakugeuka. Aliinua tu kidole kimoja juu, akaendelea na samaki wake. Nilifurahi, jamani! Nilifurahi kuliko siku niliyooa, na mama watoto asiyasome haya.

Kule nje, makarai ya meza yetu yakaanza kuwa mepesi. Nilijua? Nilijua na sikujua. Niliona foleni ya Mama jioni imepungua. Nikajiambia labda watu hawana pesa mwezi huu. Niliwasikia akina mama getini wakilalamika, "Ni nani huyu mchoyo wa meza ya tatu? Anapiga mfupa mswaki!" Hawakujua ni mimi, walidhani Okello amehamishwa. Mama alikuwa katikati yao, anajua, na hakusema neno. Nyumbani pia hakusema. Siku hizo alianza kuniambia ameshakula kabla sijafika.

Hilo la "nimeshakula" ndilo lililonivunja. Mimi ni mtoto wake, najua anavyotembea akiwa ameshiba.

Basi nikaanza ujanja. Mapipa ya mifupa yalijazwa kwa zamu, na la mwisho la asubuhi ndilo lililotoka wakati Mama alipokuwa akifika, kwa sababu alikuwa anawapeleka wadogo zangu shuleni kwanza. Mapipa ya mwanzo nikakata safi. La mwisho nikakilaza kisu vibaya makusudi. Nikaacha nyama kidogo upande wa tumbo, kidogo karibu na mkia. Nilikisikia kisu kikinyamaza, na safari hii nilikuwa nimekinyamazisha mwenyewe. Nilifanya hivyo siku tano. Mama aliuza. Wadogo zangu walicheka tena mezani.

Siku ya sita Njoroge akaja, akaingiza mkono kwenye pipa la mwisho, akatoa mfupa, akapitisha kidole gumba juu yake polepole kutoka kichwani hadi mkiani.

"Umechoka?" akaniuliza.

"Nimechoka, Mzee."

"Mkono ukichoka unachoka kila mahali. Wako unachoka kwenye pipa la mwisho tu." Akaurudisha mfupa. "Ni nani kule nje?"

Nilitaka kusema uongo nikakosa wa kusema. "Ni Mama," nikamwambia.

Njoroge alichukua chuma chake cha kunolea akaanza kunoa, na nakumbuka vizuri kwamba alikuwa amenoa muda si mrefu, hakuwa amekata hata samaki mmoja tangu hapo. Alinoa tu. Nikangojea anifukuze, ama anihubirie kuhusu wizi. Mwishowe akasema, "Jumamosi meneja anachagua mmoja wa kuandikwa. Nimetoa jina lako." Akanoa tena. "Mimi nimekufundisha kukata, Okello. Hiyo nyingine sijui anafundisha nani."

Mnaona sasa? Mwalimu mwenyewe alisema sijui.

Jioni ile nilimkuta Mama jikoni kwake, anageuza samaki kwenye mafuta. Nikachuchumaa. Nikamwambia kuhusu Jumamosi: tutapewa mbuta kumi kila mmoja, minofu itapimwa kwenye mizani, mifupa itakaguliwa, na mwenye mfupa safi kuliko wote ndiye atakayeandikwa.

"Mama, nikikata vizuri Jumamosi, wewe hutapata kitu. Na si Jumamosi peke yake. Nikiandikwa nitakuwa nakata hivyo kila siku, na wenzangu watafundishwa wakate hivyo."

"Na ukikata vibaya wewe utapata nini?"

"Nitarudi kwa kidole cha karani."

Aligeuza kipande kimoja, akageuza kingine. Mafuta yalimrukia mkononi wala hakushtuka. "Nilijua wiki hii unaniachia," akasema. "Wateja wamefurahi. Mimi kila karai nilikuwa naangalia nyuma, nikiwaza, leo ndio wamemshika mtoto wangu. Omera, chakula gani hicho cha kuangalia nyuma?" Hakuwa akiniita omera, yaani rafiki, ila akiwa amekasirika ama ameogopa. Sijui siku hiyo ilikuwa ipi. "Wewe kaa upande wako wa geti. Mimi niko upande wangu."

Jumamosi ikafika. Tulikuwa watano mezani. Sikumwona mtu. Nilisikia tu trrr, trrr, kama cherehani, na kila baada ya samaki watano nikanoa, yaani mara moja tu katikati, na wenzangu wakanipita nilipokuwa nanoa. Nikawapata mbele. Meneja akapima minofu, kisha akaja kwenye mifupa. Akainua mmoja wa yangu, akaupeleka dirishani. Akamwita karani aje aone. Njoroge alisimama nyuma kabisa, mikono ndani ya aproni.

Nikaandikwa. Nikapewa koti jeupe pale pale, bado lina mikunjo ya boksi.

Nilikuwa nafunga vifungo pale dirishani mifupa yetu ilipotolewa nje. Akina mama wakakimbilia, halafu wakapunguza mwendo. Mmoja akainua uti wangu mmoja juu kwenye jua. "Wuololo! Tazameni! Hapa si mtu anaweza kusoma gazeti kupitia hapa? Huyu aliyekata hii ana mama kweli?"

Mama akajipenyeza mbele. Alinyoosha mkono, akauchukua ule mfupa, akautazama juu hadi chini. "Anaye," akasema. "Ni mimi. Hii kazi ni ya mtoto wangu." Halafu akanunua karai zima.

Nilibaki na kifungo mkononi. Nimewahi kuulizwa na watu siku yangu ya fahari ni ipi, na ya aibu ni ipi. Kila mara inanijia siku hiyo moja, na sijui niiweke wapi.

Alasiri, jua bado liko juu, Njoroge alikuja Manyatta kwa baiskeli kutupongeza. Alileta mkate na sukari. Hakuwa amewahi kufika kwetu. Mama hakuwa amekaanga kitu siku hiyo, utakaanga nini? Alikuwa amevunja ile mifupa akaichemsha na nyanya na kitunguu, ikawa supu, na ugali mkubwa wa kutosha nyumba nzima. Akapakua. Bakuli la kwanza akampa mgeni kwa mikono miwili.

Nikaruka. "Mama, Bwana Njoroge huwa hali..."

Njoroge alinikata kwa jicho. Ninyi mnajua kwetu mgeni akikataa chakula ni kama amekataa nyumba, na yeye miaka yote ile Kisumu alikuwa amelijua hilo. Akalishika bakuli. Akafunga macho kidogo, kama mtu anayeingia maji baridi. Akanywa. Akanywa lote, koo linapanda na kushuka, na jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Tamu, Mama Okello," akasema.

"Usinidanganye, Baba. Hakuna kitu humo ndani."

"Kweli hakuna," akasema Njoroge. Akafuta mdomo, akatazama chini ndani ya bakuli. "Ni mimi niliyemfundisha."

Kisha Mama akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, hadi akashika ukuta. Njoroge naye akacheka. Wadogo zangu wakacheka kwa sababu wakubwa wanacheka.

Nilikuja kuwa msimamizi wa meza zote. Nilijenga nyumba, niliwasomesha wale watatu, Mama akahamia soko la Kibuye kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, na nimezeeka na vidole vyote kumi, kitu ambacho wakata samaki wachache wanaweza kusema. Glovu zilikuja, kofia za nywele zikaja, sheria zikawa nyingi, na mimi nikafundisha vijana wengi kusikiliza trrr. Wote nimewaambia nidhamu ndiyo njia. Ni kweli, ndiyo njia. Na akina mama wangapi walipunguza mwendo getini kwa sababu ya mkono wangu, mimi sikuhesabu, na nilikuwa na dirisha pale pale.

Siku hiyo ya supu, baada ya kicheko kwisha, sote tulikuwa tunamega ugali tukichovya. Mama alikuwa na uti mmoja mkononi, anaugeuza kwenye mwanga wa mlango, anaupekua kwa ukucha kama alivyozoea. Akafika pale chini ya pezi la nyuma, akasimama. Akachomoa kipande kidogo cha nyama, hakikufika ukubwa wa punje ya hindi. Wadogo zangu wakakikodolea macho. Njoroge akakiona pia, akanitazama.

Mama alikiweka kwenye ugali wangu.

"Hapa ulikosea," akasema. "Kula."